Mali Bila Daftari: Tafakuri Kuhusu Ghala la Faili za Unix

Mali bila daftari hupotea bila habari. Walionena hivyo walikuwa na duka, jahazi na ghala machoni pao, wala hawakuota kwamba ingekuja siku ya mashine inayomeza maandishi ya chuo kizima na kuyalaza kwenye sahani nyembamba inayozunguka bila kuchoka. Hata hivyo, ni vigumu kupata maneno yanayoeleza kwa ufupi zaidi kiini cha mfumo wa faili wa tarakilishi. Mali ni data. Daftari ni maelezo yanayoonyesha data hiyo ni ya nani, ina ukubwa gani na imelazwa wapi. Daftari likichanika, mali huwa ipo na haipo: imo diskini, lakini hakuna ajuaye njia ya kuifikia.

Mwanafunzi anayeandika tasnifu yake usiku na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi hafikirii mambo haya. Kwake yeye, faili ni kitu kimoja kizima, mfano wa kitabu kilichojaladiwa. Haoni kwamba maneno yake yamegawanywa katika mafungu ya ukubwa mmoja, kwamba kila fungu limetafutiwa mahali pake, na kwamba kesho atakapoyahitaji, mashine italazimika kuyaokota mafungu hayo moja baada ya jingine kwa utaratibu ule ule. Kutofikiria kwake si kosa. Ni ithibati kwamba waliopanga ghala waliifanya kazi yao barabara. Lakini kazi iliyofanywa barabara husahaulika upesi, na msomi wa lugha, ambaye uhai wa taaluma yake ni kuhifadhi na kurithisha maneno, anayo sababu ya kuikumbuka hii. Makala haya yanaangazia jinsi mfumo wa faili wa Unix ulivyopangwa upya katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamoja na mafunzo yanayotokana na mageuzi hayo.

Ghala na daftari lake

Unix ilizaliwa mwaka wa 1969 katika Maabara za Bell nchini Marekani, kwa juhudi za Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Miongoni mwa sifa zilizoipatia wapenzi wengi ni wepesi wa mfumo wake wa faili. Diski iligawanywa katika bloku, yaani mafungu ya nafasi yenye ukubwa sawa wa baiti 512. Faili fupi ilitoshea katika bloku moja. Faili ndefu ilipewa bloku nyingi kadiri ya haja yake.

Kila faili ilikuwa na ukurasa wake katika daftari. Ukurasa huo huitwa inodi. Ndani ya inodi mmeandikwa mwenye faili, ukubwa wake, nyakati iliposomwa na kubadilishwa, pamoja na anwani za bloku zake chache za kwanza. Faili ikirefuka kupita anwani hizo, inodi huelekeza kwenye bloku isiyobeba neno hata moja la mwandishi, bali anwani tupu za bloku nyingine. Katika mfumo wa baiti 512, bloku moja ya aina hiyo ilibeba anwani 128. Faili ikizidi kurefuka, bloku ya anwani huelekeza kwenye bloku nyingine za anwani. Ni mithili ya mgeni anayeulizia nyumba kijijini akaelekezwa kwa mzee wa mtaa, naye mzee akamwelekeza kwa jirani, ndipo jirani amfikishe mlangoni. Atafika, lakini kila anayeulizwa humwongezea safari.

Lipo jambo hapa litakalomvutia mwanaisimu. Jina la faili halimo ndani ya inodi. Jina limo katika saraka, ambayo ni orodha ya majina na nambari za inodi zinazohusika. Faili moja yaweza kuwa na majina mawili au matatu, hata katika saraka tofauti, na yote yakaelekeza kwenye inodi moja bila jina lolote kuwa bora kuliko jingine. Jina likifutwa, faili haifi maadamu lipo jina jingine linaloishikilia. Wanaisimu hufundisha kwamba uhusiano baina ya neno na kirejelewa chake ni wa makubaliano tu. Waundaji wa Unix waliujenga uhusiano huo wa makubaliano ndani ya mashine.

Pamoja na uzuri huo, mfumo wa awali ulikuwa na ubahili. Jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi 14. Mtu aliyetaka kuiita faili yake "tamthiliayakiswahili" angeikuta imebaki "tamthiliayakis", kwa kuwa herufi zilizozidi zilikatwa kimyakimya. Kwa lugha kama Kiswahili, ambayo neno lake moja lenye viambishi laweza kubeba sentensi nzima, huo ulikuwa mkato wenye maumivu.

Utajiri usiofikiwa

Ili kulielewa tatizo lililozuka, ni sharti msomaji aione diski ya enzi hizo. Ilikuwa na sahani kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikizunguka kwa kawaida mara 3,600 kwa dakika, na mkono wenye vichwa vya kusomea uliokwenda mbele na nyuma baina yake. Kusoma kwenyewe hakukuchukua muda mrefu. Kilichokula wakati ni kuusogeza mkono hadi kwenye duara linalotakiwa, kisha kungoja sahani izunguke hadi bloku ifike chini ya kichwa. Mzunguko mmoja ulichukua takriban milisekunde 17. Kwa binadamu huo ni muda usiohisika. Kwa kichakataji ni sawa na kukaa gatini kungoja meli.

Mfumo wa kale haukuuonea huruma mkono huo. Kwanza, inodi zote ziliwekwa pamoja mwanzoni mwa diski, na data yote ikafuata baada yake. Katika mfumo wa faili wa megabaiti 150, megabaiti 4 za mwanzo zilikuwa za inodi na megabaiti 146 zilizosalia zilikuwa za data. Kila faili ilipofunguliwa, mkono ulikwenda mwanzoni kusoma daftari, kisha ukasafiri mbali kuifuata mali. Pili, bloku zilizofuatana ndani ya faili hazikufuatana diskini. Bloku tupu zilishikanishwa katika mnyororo mmoja, na aliyehitaji bloku alipewa ile iliyokuwa mbele ya mnyororo. Siku ya kwanza mnyororo huo ulikuwa na mpangilio. Faili zilipoundwa na kufutwa, kuundwa tena na kufutwa tena, mnyororo ulivurugika hadi bloku zikawa zinagawiwa kiholela.

Madhara yake yalipimika. Mfumo mpya uliosoma kwa kasi ya hadi kilobaiti 175 kwa sekunde ulishuka hadi kilobaiti 30 kwa sekunde baada ya wiki chache tu za matumizi ya wastani. Mashine haikuharibika, wala diski haikuzeeka. Ni mpangilio tu uliokufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mfumo huu ufa haukuwa na wa kuuziba: njia pekee iliyojulikana ya kurejesha mpangilio ilikuwa kuitoa data yote nje, kuujenga mfumo upya, na kuirudisha.

Huko Berkeley, ambako Unix iliwekwa kwenye tarakilishi za VAX, ilipimwa kwamba mfumo wa bloku za baiti 512 ulitoa takriban kilobaiti 20 kwa sekunde, yaani asilimia 2 tu ya uwezo wa diski. Asilimia 98 iliyobaki iliishia safarini na katika kungoja. Ni mfano wa matatu ambayo katika kila saa hukaa kituoni dakika 59 na kwenda mwendo dakika moja, kisha abiria wakaambiwa kwamba injini yake ni ya kasi mno. Watafiti waliochakata picha, na wale waliosanifu saketi za kielektroniki, walihitaji kupitisha data nyingi mno kwa hesabu chache. Kwa watu hao, Unix ilikuwa ghala lililojaa na mlango mwembamba.

Kati ya kasi na ubadhirifu

Kazi ya kuupanga upya mfumo huo ilifanywa na Marshall Kirk McKusick, William Joy, Samuel Leffler na Robert Fabry. McKusick na Joy walikuwa wameingia Berkeley kama wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Ni vyema wanachama wa chama cha wanafunzi walitilie hilo maanani: sehemu kubwa ya jambo hili ilitoka mikononi mwa vijana ambao bado walikuwa na masomo ya kukamilisha.

Hatua ya kwanza Berkeley ilikuwa rahisi. Ukubwa wa bloku uliongezwa maradufu, kutoka baiti 512 hadi 1024. Kasi ilipanda zaidi ya maradufu, kwa sababu kila safari ya mkono ilirudi na mzigo mkubwa zaidi, na kwa sababu faili nyingi sasa ziliweza kuelezwa na inodi peke yake bila kupitia bloku za anwani. Lakini hata hivyo, ni asilimia 4 tu ya uwezo wa diski iliyotumika. Dawa ilikuwa imejulikana. Kipimo ndicho kilichokuwa kidogo. Ilionekana wazi kwamba bloku zilistahili kukua zaidi, hadi baiti 4096 au kupita hapo.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Bloku ni kama chumba cha kupangisha: aliyemo hulipia chumba kizima hata kama ana mkeka mmoja tu. Na faili za Unix, nyingi zake, zilikuwa ndogo. Msomaji na amfikirie mtafiti wa fasihi simulizi aliyekusanya vitendawili 1,000, akaweka kila kimoja katika faili yake yenye baiti 100. Maneno yote ni baiti 100,000. Katika bloku za baiti 512, yatachukua baiti 512,000 za diski. Katika bloku za baiti 4096, yatachukua baiti 4,096,000, yaani mara 41 ya maneno yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na upotevu nao una kibaba chake.

Watu wa Berkeley hawakutosheka na mifano ya kubuni. Walizipima diski zao wenyewe zilizokuwa zikitumika. Kwa bloku za baiti 512, nafasi iliyopotea ilikuwa asilimia 6.9. Kwa baiti 1024, asilimia 11.8. Kwa baiti 2048, asilimia 22.4. Kwa baiti 4096, asilimia 45.6. Kwa hesabu hii, aliyetaka kasi ya bloku kubwa angelazimika kununua karibu nusu diski ya ziada kwa kila diski aliyokuwa nayo, na diski za wakati huo zilikuwa ghali mno.

Wahenga walionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Wengi wangeishia hapo, wakachagua ama kasi ama uwekevu, na kumwachia mtumiaji hasara ya upande wa pili. Uamuzi wa Berkeley ulikuwa kukataa kuchagua. Bloku ilibaki kubwa, baiti 4096 au zaidi, lakini iliruhusiwa kukatwa vipande viwili, vinne au vinane. Faili hupewa bloku nzima kadiri inavyoweza kuzijaza. Mkia wake tu ndio huwekwa katika vipande, na vipande vinavyosalia katika bloku hiyo hupewa mikia ya faili nyingine.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika mfumo wenye bloku za baiti 4096 na vipande vya baiti 1024, faili ya baiti 9,500 hupewa bloku nzima mbili, ambazo ni baiti 8,192. Hubaki baiti 1,308, nazo hupewa vipande viwili. Kinachopotea ni baiti 740. Lau faili hiyo ingepewa bloku nzima ya tatu, zingepotea baiti 2,788. Ilipopimwa, nafasi iliyopotea katika mfumo huu mpya ililingana takriban na ile ya mfumo wa zamani wa bloku za baiti 1024, ilhali kasi ilikuwa ya bloku kubwa.

Suluhisho hilo halikukosa gharama yake. Faili inayokua kidogo kidogo huhamahama: leo imo katika kipande kimoja, kesho viwili, keshokutwa yahitaji bloku nzima, na kila inapohama data yake huenda ikanakiliwa upya. Tiba iliyopatikana ni ya adabu zaidi kuliko ya ufundi. Mfumo ulifunzwa kuiambia programu ukubwa unaofaa wa kuandikia, nayo maktaba ya kawaida ya programu ikatumia habari hiyo kukusanya maneno kwanza na kuyapeleka diskini kwa bloku nzima. Aliye na mzigo huambiwa mapema ukubwa wa gari.

Fimbo ya mbali

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii yaweza kusimama kama muhtasari wa sehemu ya pili ya mageuzi. Diski iligawanywa katika makundi ya silinda, silinda ikiwa ni jumla ya duara zote zinazoweza kusomwa bila mkono kusogea. Kila kundi lilipewa inodi zake, data yake, na ramani ya biti inayoonyesha bloku na vipande vilivyo wazi. Mnyororo wa kale uliovurugika uliondolewa. Badala ya kuchukua bloku yoyote iliyo mbele, mfumo sasa uliweza kuitazama ramani na kuuliza: ni nafasi gani tupu iliyo karibu na ndugu zake?

Kanuni za ugawaji zilifuata busara ya ujirani. Inodi za faili zilizo katika saraka moja huwekwa katika kundi moja, kwa kuwa aghalabu husomwa pamoja. Data ya faili nayo huwekwa karibu na inodi yake. Matokeo yake yalionekana hata katika jambo dogo la kuorodhesha saraka: palipokuwa na faili tupu bila saraka za ndani, idadi ya safari za diskini kwa ajili ya inodi ilipungua hata mara nane.

Lakini ujirani ukizidi huleta msongamano. Kama kila kitu kingewekwa karibu na kila kitu, kundi la kwanza lingejaa, na watakaokuja baadaye wangetupwa popote. Ndiposa ikawekwa kanuni ya pili inayoonekana kuipinga ya kwanza. Saraka mpya hupelekwa kwenye kundi lenye inodi nyingi zilizo wazi kuliko wastani na lenye saraka chache zaidi, mithili ya kijana anayeoa akapewa shamba lake mbali kidogo ili wanawe wapate pa kujenga. Faili kubwa nayo hairuhusiwi kumeza kundi zima: ikipita kilobaiti 48 huhamishiwa kundi jingine, na baada ya hapo huhama tena kila megabaiti moja. Safari moja ya mkono kwa kila megabaiti ni gharama ndogo. Faili ndogo mia moja kufukuzwa kwao ni gharama kubwa. Wanaohusiana wakae pamoja, wasiohusiana watawanywe: kanuni hizo mbili zilifaa kwa sababu hazikuachwa kila moja peke yake.

Usalama haukusahauliwa. Juu ya daftari zote kuna bloku kuu, inayoeleza umbo la mfumo mzima. Ikiharibika na isipatikane nakala, mashine haiwezi kujua inodi zinaanzia wapi. Katika mfumo mpya, nakala ya bloku kuu iliwekwa katika kila kundi. Tena, nakala hizo hazikupangwa zote mahali pamoja penye ulinganifu. Ziliteremka kwa mzingo kutoka sahani moja hadi nyingine, ili sahani moja, duara moja au silinda moja ikiangamia, isiondoke na nakala zote. Mwenye kuweka nakala tatu za mswada wake katika mkoba mmoja na atafakari hapo.

Nafasi tupu si hasara

Huenda kanuni iliyowashangaza watumiaji kuliko zote ni hii: mfumo haukuruhusu diski ijae. Asilimia 10 ya nafasi ilihifadhiwa, na ilipofikiwa, msimamizi peke yake ndiye aliyeweza kuendelea kuandika. Kwa mwenye diski ya bei ghali, hilo lilionekana kama kunyang'anywa mali. Sababu yake ni kwamba ugawaji mzuri huhitaji uhuru wa kuchagua. Ramani ikionyesha nafasi nyingi, mfumo huweza kuchagua iliyo karibu. Nafasi ikibaki moja tu, hakuna kuchagua. Faili huenda palipo wazi hata kama ni mwisho wa diski. Ilipopimwa, mfumo ulioachwa ujae kabisa ulipoteza takriban nusu ya kasi yake. Nafasi ile tupu, basi, ilikuwa ikifanya kazi kwa kuwa tupu.

Mageuzi mengine yaliambatana na haya. Jina la faili liliruhusiwa kufika herufi 255, na "tamthiliayakiswahili" ikapata pumzi. Kulianzishwa viungo vya ishara, ambavyo ni faili zinazobeba njia ya kufikia faili nyingine, hata iliyo katika diski tofauti. Aidha, kubadilisha jina la faili kukawa tendo moja. Hapo awali lilihitaji matendo matatu. Programu iliyoandika toleo jipya la faili chini ya jina la muda, kisha ikataka kulipa jina halisi, iliweza kukatizwa katikati na umeme ukapotea. Mwenye kazi akarudi na kukuta faili yake imebaki na jina la muda tu, asilolijua. Kwa anayeishi mahali ambapo umeme hupotea bila taarifa, tofauti kati ya tendo moja na matatu si jambo la wataalamu pekee. Ni tofauti kati ya sura ya tasnifu iliyopo na sura isiyoonekana.

Matokeo yake

Mfumo huu ulienezwa katika toleo la Unix lililoitwa 4.2BSD mwaka wa 1983, na maelezo yake kamili yakachapishwa mwaka wa 1984. Katika tarakilishi ya VAX-11/750, mfumo wa zamani wa bloku za baiti 1024 ulisoma kilobaiti 29 kwa sekunde, asilimia 3 ya uwezo wa diski. Mfumo mpya, kwa mashine na kiunganishi hicho hicho, ulisoma kilobaiti 221 kwa sekunde, asilimia 22. Kwa kiunganishi bora zaidi ulifika asilimia 47. Isitoshe, kasi hiyo haikumomonyoka kadiri mfumo ulivyotumika, mradi tu akiba ya nafasi tupu iliheshimiwa.

Inafaa kutaja yale ambayo hayakufanywa pia. Wenye programu hawakulazimishwa kubadilisha jinsi ya kufungua faili, kuisoma na kuifunga. Msingi wa nyumba ulijengwa upya na milango ikabaki palepale. Kuandika hakukupewa kipaumbele juu ya kusoma: katika mfumo mpya kusoma hakukuwa polepole kuliko kuandika, kwa kuwa kazi ngumu ya kutafuta mahali pazuri hufanywa wakati wa kuandika. Anayeweka hutaabika kidogo ili anayetafuta apumzike. Wala waandishi wake hawakudai kwamba wamefika mwisho. Waliandika wenyewe kwamba kasi sasa ilizuiwa na kunakili data kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine, kazi iliyokula takriban asilimia 40 ya muda wa kuhudumia faili.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Mfumo wa ext2 wa Linux, uliotoka mwaka wa 1993, ulirithi wazo la makundi na ukahifadhi asilimia 5 ya nafasi kwa kawaida; ext4, uliokamilika mwaka wa 2008, ukaanza kuorodhesha bloku zinazofuatana kwa mfululizo mzima badala ya anwani moja moja. Diski nyingi za leo hazina sahani wala mkono, na hesabu za mzunguko zilizowasumbua watu wa Berkeley hazina kazi humo. Kilichokufa ni kile kilichofungamana na umbo la chuma. Kilichosalia ni yale maswali: fungu la mali liwe na ukubwa gani, jirani yake awe nani, daftari liwe na nakala ngapi, na nafasi gani iachwe wazi.

Maswali hayo yanaweza kuulizwa kwa Kiswahili, na kujibiwa kwa Kiswahili. Kuna wanaoshikilia kwamba lugha hii hutosha kwa ushairi na siasa, ila ikifika ndani ya tarakilishi hukwama. Ukweli ni kwamba bloku, saraka, kipande, ramani, ghala na daftari yamelibeba jambo hili lote bila kulia. Neno inodi limekopwa, jinsi silinda na diski zilivyokopwa, na kukopa si aibu kwa lugha iliyokopa meza na shati. Ambacho bado hakijafanywa vya kutosha ni kazi ya daftari: istilahi za fani hii zimetawanyika kiholela kama bloku za mnyororo wa kale, kila mwandishi akichukua iliyo mbele yake, huyu akisema tarakilishi, yule kompyuta, mwingine ngamizi. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinao wanafunzi, vinao wahadhiri, na vinazo kurasa za kuzikusanya istilahi hizo kwa makundi, ndugu karibu na ndugu. McKusick na Joy nao walikuwa wanafunzi.